Sura ya Tano: Bahari Chini ya Jangwa

Kusini-magharibi mwa Marekani, pale majimbo ya Texas na New Mexico yanapokutana, ziko hifadhi tatu za taifa ambazo mtu mwenye gari anaweza kuzizunguka kwa siku chache. Ya kwanza ni mlima, Guadalupe Mountains. Ya pili ni pango, Carlsbad Caverns. Ya tatu ni mchanga mweupe, White Sands. Wageni wengi huziona kila moja kivyake: leo mlima, kesho pango, keshokutwa mchanga. Mimi niliziendea peke yangu mwezi Julai, na katika sura hii nataka kutetea jambo moja nililolipata huko. Zote tatu ni kazi ya maji. Bahari za zama za Permi zilijenga mlima, zikaacha chumvi na jasi zilipokauka, na maji ya chini ya ardhi yakaja baadaye kulichimba pango na kuumba mchanga. Msafiri wa peke yake jangwani hulazimika kufikiria maji kila saa, na fikra hiyo ndiyo inayomfungulia nchi nzima.

Maji, mafuta na habari

Jangwa hili linaitwa Chihuahua, na sehemu yake kubwa iko upande wa Mexico. Mwezi Julai joto la mchana mabondeni hupita nyuzi 35 za Selsiasi mara kwa mara, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Hatari imejificha hapo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea joto la kulowesha shati, hudhani hatoki jasho, hanywi, na baada ya saa chache kichwa kinaanza kumgonga.

Hifadhi hizi hushauri kila mtu awe na lita nne za maji kwa siku. Naongeza dumu la lita 20 kwenye buti, lisiloguswa, la kukusubiri endapo gari litagoma. Mafuta jaza tangi El Paso, kwa sababu Pine Springs, yaliko makao ya hifadhi ya Guadalupe, hakuna kituo cha mafuta, na kutoka El Paso hadi hapo ni kama kilomita 180. Habari maana yake ni kwamba yupo mtu anayejua unakwenda wapi, unapita njia ipi, na ni saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Kwangu kazi hiyo aliibeba dada yangu.

“Nikinyamaza mpaka saa tatu usiku,” nilimwambia, “wapigie watu wa hifadhi. Usihangaike kunipigia mimi.”

“Niandikie vizuri, mdogo wangu,” alinijibu. “Jina la njia, rangi ya gari, namba ya gari. Maneno ya mdomo husahaulika.”

Alisema kweli. Simu hupoteza mtandao kwa sehemu kubwa ya barabara hii, na karatasi yenye maelezo kamili ina thamani kuliko ahadi ya kupigiana. Weka pia pasi au kitambulisho chako mahali mkono unapofika. Barabara hizi ziko karibu na mpaka wa Mexico, na walinzi wa mpaka wana vituo vya ukaguzi humo njiani.

Jambo jingine huwashangaza wageni: kiangazi cha huku ndicho msimu wa mvua. Kuanzia Julai hadi Septemba upepo huleta unyevu kutoka baharini, mawingu hujikusanya juu ya milima adhuhuri, na alasiri hupasuka kwa radi. Korongo kavu linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo dereva hakuona hata wingu. Kwa hiyo ratiba ya safari hujipanga yenyewe. Mlima ni wa alfajiri, pango ni la mchana, na barabara ikipitiwa na maji, unangoja upande uliopo mpaka yapungue.

Mlima uliozaliwa majini

Ukitoka El Paso kwa barabara ya 62/180 kuelekea mashariki, mwendo wa saa moja na nusu hivi, tambarare nyeupe za chumvi hujitokeza kando ya njia, na nyuma yake ukuta wa mawe hupanda ghafla. Jabali la mbele linaitwa El Capitan. Chumvi iliyo chini yake ilishamwaga damu. Watu wa vijiji vya bonde la Rio Grande, wengi wao wenye asili ya Mexico, walikuwa wakiichota bure kama mali ya wote. Mwaka 1877 alipotokea mtu mwenye nguvu za kisiasa kudai kwamba ni yake, walichukua silaha. Historia inayakumbuka mapigano hayo kama Vita vya Chumvi vya San Elizario.

Nyuma ya El Capitan kuna Guadalupe Peak, kilele kirefu kuliko vyote Texas, mita 2,667. Njia ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 13 na nusu, na inapanda karibu mita 900. Niliianza kwa tochi, kabla ya jua, na ndivyo ninavyomshauri yeyote anayekwenda Julai. Sehemu za mwanzo ndizo kali, na hazina kivuli. Asubuhi inapopamba moto unapaswa kuwa umeshazimaliza.

Kule juu usikimbilie kutazama mbali. Tazama kwanza unapokanyaga. Jiwe hilo la chokaa liliumbwa chini ya maji miaka ipatayo milioni 260 iliyopita, katika zama za Permi, wakati eneo hili lilikuwa karibu na ikweta na bahari ilikuwa imejaa bonde lililoko upande wa kusini na mashariki. Msomaji wa pwani ameona mawe ya matumbawe. Nyumba za kale za Lamu na Unguja zimejengwa kwayo. Mwamba wa Guadalupe ni wa ukoo huo, ila wajenzi wake wakuu walikuwa sponji na mwani, viumbe waliokamata chokaa majini na kuirundika kizazi baada ya kizazi. Mwamba huo uliizunguka bahari kwa umbo la kwato la farasi, zaidi ya kilomita 600, na sehemu yake kubwa hadi leo imezikwa. Kilele cha Texas ni kipande tu kilichochomoza.

Kilichomozaje? Mlango wa bahari ile uliziba kidogo kidogo. Maji yalipokosa pa kuingilia yakakauka juani, yakaacha jasi na chumvi mpaka bonde likajaa na mwamba ukafunikwa. Baada ya muda mrefu mno ardhi ikainuliwa, mvua ikala zile tabaka laini zilizoufunika, na mwamba mgumu ukabaki umesimama peke yake angani.

Waapache wa Mescalero waliishi katika milima hii na kuifanya ngome yao hadi jeshi la Marekani lilipowaondoa katika karne ya 19. Wanaiita nchi yao hata sasa, na mashimo waliyookea mioyo ya mmea wa agave bado yanaonekana kati ya mawe. Sehemu ya hifadhi, bonde la McKittrick Canyon lenye kijito na miti, ilitolewa kwa taifa na Wallace Pratt, mwanajiolojia aliyeishi kwa kutafuta mafuta. Aliijua thamani ya mawe haya kwa pesa, kisha akaamua yabaki kwa kutazamwa. Hifadhi ilizinduliwa rasmi mwaka 1972.

Jasi, chumvi na mafuta

Kati ya Guadalupe na mji wa Carlsbad, karibu na mpaka wa majimbo, barabara imekatwa katikati ya mwamba wa jasi. Tafuta pembeni palipo salama, usimame, ushuke. Ukuta ule una mistari myembamba isiyohesabika, mmoja mweupe wa jasi, mmoja wa kahawia wa chokaa. Wanajiolojia huhesabu kila jozi kuwa ni mwaka mmoja wa bahari kukauka. Kidole chako kikipanda upana wa kiganja kimeshapita miaka mingi ya jua.

Kilichobaki cha bahari ile ndicho kinachoulisha mji wa Carlsbad. Chini yake kuna madini ya potashi, yanayochimbwa tangu miaka ya 1930 kwa ajili ya mbolea. Mashariki mwa mji, mita 655 chini ya ardhi, katika tabaka nene za chumvi, serikali ya Marekani imekuwa ikihifadhi tangu mwaka 1999 taka za nyuklia zilizotokana na kutengeneza silaha. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu chumvi ya kale ambayo haijayeyuka ni ushahidi kwamba maji hayajapita hapo kwa muda mrefu mno. Na pande zote mitambo ya mafuta inapiga magoti na kuinuka mchana na usiku, ikivuta mabaki ya viumbe wadogo wa bahari hiyohiyo. Malori yake hujaza barabara, kwa hiyo dereva aliye peke yake asiendeshe eneo hili akiwa amechoka. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, ni haidrojeni salfaidi, gesi inayotoka pamoja na mafuta. Ikumbuke harufu hiyo, kwani bila gesi ile pango lisingekuwapo.

Pango lililochimbwa kutoka chini

Mapango mengi ya chokaa duniani huchimbwa kutoka juu. Mvua hubeba kaboni dioksaidi ya hewani na ya udongoni, inakuwa tindikali dhaifu, inapenya nyufa na kuyeyusha jiwe polepole. Mara nyingi pango la aina hiyo huwa na mto, au dalili kwamba mto uliwahi kupita humo.

Carlsbad Caverns haina mto, wala haina alama za mto. Ukumbi wake mkubwa, unaoitwa Big Room, una urefu wa takriban mita 1,200, na mahali pengine dari iko zaidi ya mita 70 juu ya kichwa chako. Ndani yake kuna vipande vikubwa vya jasi ambavyo havingepaswa kuwapo katika pango la kawaida. Watafiti, akiwamo mwanajiolojia Carol Hill, walikusanya ushahidi wa maelezo mengine. Haidrojeni salfaidi ilipanda kutoka kwenye mafuta, ikakutana chini ya ardhi na maji yenye oksijeni, ikageuka tindikali ya salfuriki. Tindikali hiyo ililila jiwe kutoka chini, ikaacha jasi kama alama ya kazi yake. Madini yaliyozaliwa na tindikali hiyo yalipopimwa umri, Big Room ilionekana kuwa na miaka ipatayo milioni 4. Milima ilipozidi kuinuka, maji yakashuka, na kumbi zikabaki tupu. Mvua za zama za baridi na unyevu mwingi kuliko sasa ndizo zilizokuja baadaye kulipamba pango, tone kwa tone, kwa nguzo, mapazia na mawe yanayoning'inia. Siku hizi sehemu kubwa ya mapambo hayo ni makavu.

Kuna lifti, lakini mwenye miguu mizima ashuke kwa mlango wa asili. Njia ina kilomita mbili na inateremka zaidi ya mita 200 kwa kuzungukazunguka. Hatua za mwanzo bado unasikia ndege na kunusa mavi ya popo. Kisha mwanga unakatika, joto la nje linakuacha, na unaingia katika nyuzi 13, ambazo hazibadiliki kiangazi wala kipupwe. Chukua sweta. Weka nafasi yako ya kuingia mapema, kwa kuwa watu huingia kwa saa walizopangiwa, na wanaochelewa alasiri hukosa kutembea.

Mtu aliyelifanya pango hili lijulikane ni Jim White, kijana mchunga ng'ombe. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwaka 1898 aliona popo wakipanda angani kwa wingi hata akadhani ni moshi, akarudi na ngazi ya waya na fito, akateremka. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye machimbo ya mavi ya popo, yaliyosafirishwa kama mbolea kwa mashamba ya matunda ya California, huku akiwaongoza wageni mapangoni. Wageni wa mwanzo walishushwa kwa ndoo ileile ya kupandishia mbolea. Serikali ililiweka eneo hilo chini ya ulinzi mwaka 1923, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1930, na mwaka 1995 likaingizwa katika Urithi wa Dunia.

Ndani ya hifadhi hiyohiyo kuna pango jingine ambalo wewe nami hatutaliona. Lechuguilla lilijulikana kama shimo dogo mpaka Mei 1986, wapanda mapango walipofukua kifusi kilichopitisha upepo na kukuta njia. Tangu hapo zaidi ya kilomita 240 zimechorwa, na kina chake kinakaribia mita 490. Wanaoruhusiwa kuingia ni watafiti na wachora ramani tu. Wanasayansi wamekuta humo bakteria waliotengwa na uso wa dunia kwa takriban miaka milioni 4, ambao wanazistahimili dawa nyingi za antibayotiki tunazotumia hospitalini. Somo lake ni kubwa: usugu wa vijidudu ulikuwapo kabla ya dawa zetu, na matumizi yetu mabaya ya dawa yameuchochea tu. Tusingelijua hilo kama pango lingekuwa limeshajaa nyayo zetu. Milango mingine hufaidisha watu wote kwa kufungwa.

Popo wa jioni

Jioni rudi kwenye mlango wa asili, kaa kwenye ngazi za mawe, zima simu. Hapo simu na kamera zimekatazwa wakati popo wanaporuka, kwa sababu vyombo hivyo huwasumbua. Popo hawa ni wa jamii yenye mkia ulio huru, laki kadhaa, nao huja hapa kutoka Mexico majira ya joto ili kuzaa. Mwezi Julai mama wanatoka kutafuta nondo mabondeni, na watoto wamebaki wameng'ang'ania dari.

Wanatoka kwa mzunguko, wote wakigeukia upande mmoja, wakipanda mpaka wanakuwa ukanda mrefu unaoelekea bonde la mto Pecos, yaliko maji, mashamba na wadudu. Nilikaa kati ya watu mia na ushee tusiojuana, na hakuna aliyenong'ona. Msafiri wa peke yake huulizwa mara nyingi kama hapatwi na upweke. Mahali pale jibu langu ni hapana. Kuwa peke yako kunakuacha na masikio yako yote, na mbawa zile zinahitaji masikio.

Mchanga uliopaswa kuyeyuka

Kutoka Carlsbad unapanda kaskazini hadi Artesia, kisha unashika barabara ya 82 kuelekea magharibi. Jangwa linageuka malisho, malisho yanageuka misonobari, na Cloudcroft, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, unafungua dirisha na kuzima kiyoyozi. Baada ya hapo barabara inashuka zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita 30 hivi. Tumia gia ndogo na uzipumzishe breki. Ukitoka kwenye handaki lililoko njiani, mbali bondeni utaona weupe ambao si ziwa wala theluji.

Bonde la Tularosa ni kama karai lisilo na tundu: maji yanaingia kutoka milimani, hayana pa kutokea. Milima ya pembeni ina tabaka za jasi zilizoachwa na bahari za Permi. Mvua na theluji huiyeyusha jasi hiyo na kuishusha bondeni. Kwingine mto ungeibeba hadi baharini, na ndiyo maana mchanga wa jasi ni nadra duniani. Hapa maji yanakauka, jasi inaganda kuwa fuwele katika Ziwa Lucero na tambarare zinazolizunguka, upepo unazivunja na kuzisukuma kaskazini-mashariki. Matokeo yake ni vilima vyeupe vilivyotanda zaidi ya kilomita za mraba 700, eneo kubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Sehemu yake tu iko ndani ya hifadhi. Iliyobaki ni ya jeshi, ambalo hufunga barabara kwa muda linapojaribu makombora. Kaskazini katika uwanja huohuo wa kijeshi ndiko bomu la kwanza la nyuklia lilikolipuliwa, tarehe 16 Julai 1945.

Vua viatu. Mchanga huu hauchomi kama mchanga wa kawaida, hata mchana. Ukichimba kidogo kwenye mabonde ya kati ya vilima unakuta unyevu, kwa kuwa maji ya ardhini yako karibu sana, na ndiyo yanayozishika fuwele zisitawanywe zote na upepo. Mmea wa yuka hurefusha shina lake ili majani yabaki juu ya kilima kinachosogea. Mijusi wa hapa wamekuwa weupe, wakati ndugu zao wa nje ya mchanga ni wa rangi ya udongo.

Upole wa mchanga huu chini ya mguu usikudanganye. Njia ya Alkali Flat, kilomita 8, haina kivuli wala tone la maji, na inafuata vigingi ambavyo upepo wa mchanga unaweza kuvificha. Agosti 2015 wazazi wawili walipoteza maisha kwenye njia hiyo kwa joto. Mtoto wao alinusurika. Hifadhi inashauri usiianze joto likizidi nyuzi 29, jambo ambalo Julai linakuachia saa chache za asubuhi tu. Nenda saa hizo, au usiende kabisa.

Mbali na njia za wageni, kwenye udongo wa lililokuwa Ziwa Otero, kuna nyayo za binadamu. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba mbegu za majani ya majini zilizokutwa pamoja nazo zina umri wa kati ya miaka 21,000 na 23,000, maelfu ya miaka kabla ya wakati ambao wengi waliamini watu walifika Amerika. Wapo waliotilia shaka mbegu hizo, na mwaka 2023 vipimo vya chavua na vya mchanga vikatoa umri uleule. Utafiti mwingine uliotangazwa mwaka 2020 ulifuata nyayo za mtu mzima, au kijana, aliyetembea zaidi ya kilomita moja kwa haraka, mara akimbeba mtoto mdogo, mara akimweka chini. Alirudi kwa njia hiyohiyo bila mtoto. Katikati ya kwenda na kurudi, tembo wa kale aina ya mamothi na mnyama mkubwa aina ya slothi walikatiza njia yake.

Nyayo hizo zilibaki kwa sababu udongo ulikuwa na unyevu. Sasa udongo unakauka, upepo unaufungua, na unyayo uliofunuliwa huweza kufutika ndani ya miaka michache. Vilima navyo vinategemea maji yaliyo chini yao yasishuke. Mambo haya yote, mlima, pango, popo na mchanga, yamefika mikononi mwetu kwa sababu maji yalikuwapo au yaliondoka kwa kiasi chake, na sasa sisi tunaovuta maji na mafuta ya ardhini tumo katika hesabu hiyo.

Ndiyo maana namshauri anayeweza kwenda aanzie El Paso, apande Guadalupe, ashuke Carlsbad, amalizie White Sands, wala asiubadilishe mpangilio huo. Akifuata njia hiyo ataifuata bahari kutoka ilipojengwa hadi inapotawanywa na upepo, na akifika kwenye udongo wa ziwa la kale atakuwa ameshajua kwa mwili wake mwenyewe kwa nini watu wa kwanza walisimama hapo: walikuwa, kama yeye, wanayafuata maji.